Anasuka vizuri, ila maujuzi hana

Juzi, kwenye saluni moja ya Temeke, binti mmoja alikuwa anajaribiwa kazi ya ususi. Mimi nilikaa pembeni, namsubiri mwenye saluni, aliyekuwa akimwangalia binti, arudi kunimalizia nywele. Binti akamsuka mteja wake hadi mwisho, mistari imenyooka, mteja akajiangalia kwenye kioo anacheka mwenyewe. Ila wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walichoka kungoja, wakaondoka zao.

"Unasuka vizuri, mdogo wangu," mwenye saluni akamwambia, "ila maujuzi huna. Kesho usijisumbue."

"Maujuzi gani tena, dada? Si umeona kichwa kilivyotoka?"

"Wale walioondoka ungewaanzia mistari miwili miwili, ndiyo umrudie huyu. Wakiwa na vichwa vile, wangetokaje nje?"

Binti akanigeukia, kama vile mie najua. Sijui. Siku zote nilidhani mwenye maujuzi ni yule anayeijua kazi. Huyu kazi anaijua, na kibarua kakosa. Nikataka kuuliza kama hayo ni maujuzi au utapeli wa mchana kweupe. Kwanza nikajipapasa kichwa.

Mistari miwili.

Nikaendelea kusubiri.