Turubai la Fundi wa Vigae

Siku Hamasuna alipowaona kwa mara ya kwanza, mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa sita, na bustani kubwa ya michezo ilikuwa tupu hata farasi wa kuzunguka walizunguka bila mtu mgongoni. Yeye alikuwa na wiki tatu tu kazini. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya njia ya gwaride, karibu na daraja dogo, kuwaangalia watu wanaotandika mikeka ya plastiki kushika nafasi. Hakuitaka kazi hiyo kwa kupenda watu. Aliitaka kwa sababu aliambiwa maneno ya kusema yameshaandikwa, yeye ni kuyakariri tu, na mtu mwenye haya hapati raha kama ya kupewa maneno tayari.

Siku ile hapakuwa na mkeka hata mmoja. Palikuwa na turubai la buluu, lile nene ambalo watu wa Kyushu, kisiwa cha kusini mwa Japani, hufunika nalo mapaa yaliyong'olewa na tufani, na kila pembe ilikandamizwa na kifuko cha mchanga. Katikati alikaa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mabega mapana, amevaa koti la mvua. Pembeni yake mkewe alikuwa anamimina chai. Viatu vyao viwili viwili walikuwa wamevipanga nje ya turubai, vimefunikwa mfuko ili visilowe. Watoto wao, mvulana na msichana, walikuwa wanakimbia kutoka mchezo huu kwenda ule, maana hapakuwa na foleni popote.

Hamasuna akaenda, akainama, akasema alivyofundishwa. "Samahani sana. Kwa sababu ya mvua, gwaride la saa tisa leo halitakuwepo."

Yule mwanamume aliitazama mbingu kama mtu anayemtazama jirani aliyemzoea. "Sasa ni saa saba. Huenda kukafunguka."

"Limekwisha kufutwa, bwana."

"Basi tutakaa tu. Kukaa si kosa?"

Swali hilo halikuwa na jibu lililoandikwa. Hamasuna aliona masikio yake yanawaka moto. "Si kosa," akasema, akarudi mahali pake.

Mwaka uliofuata walikuja tena, na mvua ikanyesha tena. Na mwaka uliofuata vilevile. Kidogo kidogo, neno moja leo na jingine mwakani, Hamasuna akamjua yule mwanamume. Jina lake Kurogi. Alizaliwa kijiji cha juu mtoni, akaanza kubeba vigae akiwa na miaka kumi na mitano, na hakuwahi kufanya kazi nyingine. Mkewe Fusae alipika katika jiko la shule. Fundi wa paa jua likiwaka hana siku yake ya kupumzika, maana kuna mtu mahali fulani anayelala na nyota juu ya kichwa, anamngoja. Siku yake ni ya mvua, basi. Kila mwaka Kurogi alingoja Jumapili moja ya mvua, asubuhi akawaamsha watoto, na wote wanne wakapanda gari dogo la kazi wakaja bustanini. Ndiyo maana walikuja kila mwaka kwa ajili ya gwaride, na kila mwaka gwaride halikuwepo.

Fusae ndiye aliyelitaka. Aliwahi kuliona kwenye kalenda ya duka la mchele, magari yamepambwa maua, wachezaji wamevaa mabawa, na tangu hapo akawa anasema siku moja, siku moja. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama watu wanavyosema watakwenda kuhiji hekalu la mbali.

"Baba, leo mawingu ni mepesi," Fusae alikuwa akimwambia mumewe.

"Mepesi kama wewe," Kurogi alikuwa akijibu, na mkewe, ambaye hakuwa mwepesi, akimpiga kofi la bega.

Kurogi mwenyewe hakupanda mchezo wowote. Siku moja Hamasuna alijikaza akamuuliza kwa nini.

"Mwaka mzima niko juu," alisema Kurogi. "Siku moja nataka kukaa chini." Kisha akaonyesha kwa kidevu kasri la bustani. "Vigae vile ni vya plastiki. Lakini aliyevipanga anaijua kazi. Tazama mstari wa tatu, hakuna kilichopinda."

Hamasuna alikuwa amelitazama kasri lile miaka minne, na hakuwahi kujua kwamba lina mistari.

Watoto walimbandika jina. Akionekana tu anakuja na mwavuli wake, msichana, aliyeitwa Chinami, alikuwa anamgusa kaka yake. "Huyo, Bwana Samahani anakuja." Naye aliinama na kusema samahani sana, na wote wanne wakalisema pamoja naye hadi mwisho kwa sauti ya ibada, halafu wakaangua kicheko. Wenzake kazini walimtania pia: "Hamasuna, watu wako wa mvua wamefika." Naye mwezi wa sita ukiingia alikuwa akitega sikio utabiri wa hali ya hewa kuliko kawaida yake.

Sheria ya njia ya gwaride ilikuwa ngumu na kila mtu aliijua. Mkeka uwe na upana wa watu waliokuja, usizidi. Mkeka usio na mtu hukunjwa. Nusu saa kabla ya gwaride kamba hufungwa, na pengo lolote hupewa waliosimama nyuma. Hata siku za mvua, pasipo na mshindani, Kurogi alilikunja turubai lake kwa kipimo. Kijana wao alipokwenda kufanya kazi kiwanda cha magari kule Nagoya, Kurogi alilikunja likawa la watu watatu. Chinami alipoolewa Kagoshima, la wawili. Mwaka wa tufani kubwa hakuja kabisa. Turubai lilikuwa juu ya nyumba ya watu, na mwenyewe alikuwa juu ya nyumba nyingine, anafanya kazi mvuani.

Mwaka wa ishirini na mbili walikuja siku ya jua.

Ilikuwa mwezi wa kumi, anga halina hata wingu, na bustani ilikuwa imefurika. Hamasuna alimwona Kurogi tangu saa nne asubuhi, peke yake kwenye turubai lililokunjwa la watu watatu, palepale karibu na daraja. Kwanza alifurahi. Kisha akaona kwamba mzee hakutazama kasri wala mbingu. Alikuwa anatazama simu yake, aliyoiweka mbele ya magoti.

"Leo hakuna mvua, Kurogi-san," alisema Hamasuna, na ile "-san" ya heshima.

"Hakuna. Nimeacha paa la watu wazi, na turubai lenyewe nimelileta huku. Sijawahi kufanya hivyo." Akainyoosha pembe ya turubai. "Daktari ametuambia tusingoje mvua ya mwakani."

Fusae alikuwa kwenye chumba cha huduma ya kwanza, amelala, na Chinami yuko naye. Walikuwa wamemleta na kiti cha magurudumu. Hamasuna akasema kwa upole kwamba wenye viti hivyo wana nafasi yao kule mbele, kwenye kivuli, haina haja ya kushikwa.

"Najua. Hataki. Anataka hapa. Anasema hapa ndipo alipongoja."

Saa nane na robo simu ikalia. Chinami alikuwa anasema kwa sauti ya juu, na Hamasuna aliyasikia yote. Mama ameamka. Mama anasema amechoka, anasema anasumbua watu, turudi nyumbani. Mama amekataa kukaa kwenye kiti. Baba, afadhali uje wewe.

Kurogi akasimama. Nyuma ya kamba watu walikuwa wamesongamana, wamebeba watoto mabegani, macho yote yako kwenye lile pengo la buluu. Kutoka pale hadi chumba cha huduma ya kwanza ni dakika kumi kwa mtu mwenye miguu mizima, na kamba ingefungwa baada ya robo saa. Mzee akavaa viatu. Kisha akainama, akaondoa kifuko cha kwanza cha mchanga, akaanza kulikunja turubai.

"Sheria naijua," alisema bila kuinua uso. "Wape wale wenye watoto."

Hamasuna alisimama. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekunja mikeka ya watu waliokwenda chooni, ya watu waliolia, ya bwana mmoja aliyemtishia kumshtaki, na hakuwahi kumpendelea mtu. Ndicho kitu pekee alichojisifia moyoni. Aliinama akafungua kamba za viatu vyake. Akavivua, akavipanga nje ya turubai, ncha zikiangalia njia. Akakirudisha kifuko cha mchanga pembeni, akaingia, akapiga magoti katikati, na sare yake na kofia yake.

"Nenda, Kurogi-san," alisema.

Mzee alimtazama. Aligeuka akaenda, na watu wakampisha.

Nyuma ya kamba palizuka minong'ono. "Siku hizi wafanyakazi nao wanashikia watu nafasi?" mwanamume mmoja alisema, kwa sauti iliyokusudiwa isikike. "Labda naye anapenda gwaride," mwingine akadakia, na watu wakacheka. Hamasuna aliweka mikono juu ya mapaja, akatazama chini. Jasho lilimtiririka mgongoni. Mtu mwenye haya, kuliko kukaa mbele ya macho mia tatu, ni afadhali apande mara kumi lile treni la bustanini linaloporomoka kutoka angani.

Msimamizi wake, Bi Kaneshige, alikuwa na umri wa kuwa binti yake. Alikuja na kitabu chake kwapani.

"Hamasuna-san. Unafanya nini?"

"Nimeketi."

"Naona. Kwa nini?"

"Turubai lenye mtu halikunjwi."

"Mtu. Si wewe. Tafadhali simama, watu wanatutazama."

"Sijala mchana," alisema Hamasuna. "Naomba niandikiwe ndiyo mapumziko yangu." Akavua kofia, akaiweka pajani, akakibandua kibao cha jina kifuani. Hakusimama. "Ni watu wa mvua, Bi Kaneshige. Mama mwenyewe hajiwezi."

Bi Kaneshige hakuwajua watu wa mvua. Alikuwa na miaka miwili tu pale. Aliitazama saa yake, akaitazama ile sare iliyopiga magoti, akawageukia watu wa nyuma na kuwainamia kwa kuwaomba radhi. "Mapumziko ni nusu saa," alimwambia polepole. "Yakiisha, nalikunja mwenyewe. Na kesho utaniletea barua ya kueleza kosa."

"Nitaleta."

Kamba ikafungwa. Dakika ishirini zikapita, halafu ishirini na tano. Muziki ulianza kusikika kwa mbali upande wa lango, na Bi Kaneshige akawa amekwisha kukaribia, amesimama hatua moja tu kutoka kwenye turubai. Hapo umati ukaanza kugawanyika katikati.

Kurogi alikuwa amembeba mkewe mgongoni. Alitembea vile mafundi wa vigae wanavyopanda ngazi, magoti yamekunjwa kidogo, kila hatua imepimwa, mzigo hautikisiki. Chinami alifuata na kile kiti kikiwa kitupu. Fusae, ambaye zamani hakuwa mwepesi, sasa alikuwa mwepesi mno.

"Taratibu, Baba," alikuwa anasema sikioni mwa mumewe. "Mimi si kigae."

"Kigae hakisemi."

Yule mwanamume aliyekuwa akinong'ona nyuma aliinua kamba kwa mkono wake wapite. Hamasuna alikuwa tayari amekwisha simama, anahangaika na viatu. Fusae akatelemshwa, akaegemezwa kwenye kifua cha mumewe, akafunikwa miguu. Akamwona Hamasuna.

"Leo Bwana Samahani hana la kusema," alisema.

Hamasuna aliinama tu, chini sana, kuliko alivyowahi kuinama.

Gwaride likapita. Magari yalikuja na maua yake, wachezaji na mabawa yao, na farasi mmoja wa karatasi alisimama mbele ya turubai akapepesa macho. Hamasuna hakulitazama. Alikuwa ameliona maelfu ya mara. Alimtazama Fusae, na Fusae alitazama kila gari tangu linatokea kwenye pembe hadi linapotelea darajani, halafu anageuka kungoja jingine. Gari la mwisho likapita, na wafagiaji nyuma yake.

"Limekwisha?" aliuliza.

"Limekwisha, Mama," alisema Chinami.

"Kumbe ni fupi hivi."

Kurogi alicheka, akaendelea kucheka, akaufuta uso kwa kiganja, na hakuna aliyejua kicheko kiliishia wapi.

Usiku ule Hamasuna aliandika barua ya kosa mistari mitatu. Bi Kaneshige aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye faili, na habari hiyo haikuzungumzwa tena.

Mwezi wa sita uliofuata, Jumapili, mvua ikinyesha, turubai la buluu lilikuwa mahali pake. Kurogi alikuwa peke yake. Hamasuna alilipima kwa jicho, kama mazoea: la watu wawili. Akaenda na mwavuli, akainama, akasema kwamba kwa sababu ya mvua gwaride la saa tisa halitakuwepo.

"Najua," alisema Kurogi. "Umekwisha kula?"

"Bado."

"Basi vua viatu. Usije ukanikunjia turubai kwa upana."

Wakakaa. Kurogi akatoa matonge mawili ya wali yenye tunda chachu katikati, akasema ameyafinyanga mwenyewe, kwa hiyo avumilie. Chumvi ilikuwa nyingi. Walikula wakitazama maji yanavyoshuka kwenye vigae vya plastiki vya kasri, mstari kwa mstari, bila kuvuja. Mapumziko yalipoisha Hamasuna alisimama, akavaa viatu, akashukuru. Hakujua kwamba hatamwona tena. Miaka mitatu sasa mvua za mwezi wa sita zinakuja na kupita, na karibu na daraja hakuna turubai.

Siku ile alikuwa amekwisha geuka kwenda zake mzee alipomwita.

"Hamasuna-san. Fusae alisema gwaride ni fupi, sivyo? Lakini mpaka leo, kule hospitali, akianza kuwasimulia wauguzi, hamalizi chini ya saa nzima."