Ubeti Uliopotelea kwenye Waya wa Nguo

Asubuhi moja nilitoka kwetu Nguba, mtaa wa Bukavu, bila mpango wowote, rafiki yangu, mfukoni nina viazi vitamu viwili. Shule nilikuwa nimeshaiacha. Ziwani nikakuta mtumbwi wa injini unapakia watu wa kisiwa cha Idjwi, nikapanda.

Labda nilikuwa naifuata ile redio. Enzi hizo za Zaïre ilitujia kila siku baada ya chakula cha mchana kutoka ng'ambo ya mpaka, haina ruhusa wala jina. Papa alidai iko Rwanda; jirani akaapa ni Burundi. Tuliisikiliza kwa sauti ya chini, antena tumeifunga kwenye waya wa kuanikia nguo. Dada yangu mkubwa alinakili nyimbo kwenye daftari. Wimbo mmoja aliupenda kuliko zote: mwanamke anamuuliza msafiri siku hizi analala wapi. Ukikaribia ubeti wa mwisho, sauti inazama, naye dada akiona suruali ya baba imeanikwa pale anapiga kelele:

"Maman, toa patalo ya papa ku waya! Iko inakula wimbo!"

"Basi kesho papa yako atavaa wimbo ku kazi?"

Tulicheka, lakini mistari minne ya daftari ilibaki mitupu. Na Jumamosi ya wiki ile niliyoondoka dada angeolewa, apelekwe Kisangani. "Nitaenda na wimbo nusu," aliniambia, na hakuwa anacheka tena.

Idjwi sikumjua mtu. Maman mmoja aliyekuwa anamenya mihogo aliniita.

"Uko mutoto wa nani?"

"Wa Bukavu, maman."

"Bukavu njo ilikuzala? Muji hauzale mutoto. Ingia, ukule kwanza."

Akanitandikia mkeka. Dirishani kwake palikuwa na redio, na mchana huohuo ule wimbo ukaja, safi, hadi mwisho. Msafiri alijibu: kitanda nimepata, nyumbani sijafika.

Niliurudia ubeti ule siku nne, ziwa limechafuka, mitumbwi imefungwa. Niliporudi Nguba, dada alikuwa ameondoka na daftari lake. Hatukuonana tena. Redio nayo siku moja ikabaki mvumo mtupu, na ule waya ukawa wa nguo tu.

Nimelala nyumba nyingi tangu hapo. Jana nimefika mji mwingine, nikapata chumba. Mwenye nyumba akaniuliza kama nimefika salama.

"Kitanda nimepata, maman," nikamjibu, nikaishia hapo.