Zamu za Mama Mdogo kwenye Matuta Manne

Mimi ni fundi cherehani, na hakuna kinachoniudhi kama mtu kuniambia nimekosea nguo niliyoipima kwa mkono wangu. Basi ujuaji huohuo ndio niliokwenda nao kwenye kiwanja cha marehemu mama, nyuma ya nyumba. Mama alitulea pale, mimi na kaka yangu mkubwa, kwa nyanya na mboga za matuta manne. Alipofariki nikasema nitalima mimi. Kwani kulima ni nini? Unafukia mbegu, unamwagilia, unangoja.

Mwaka wa kwanza nyanya zilizaa kidogo, kisha zikanyauka zingali kijani, utadhani zimemwagiwa maji ya moto. Nilishasikia kwamba mazao yanabadilishwa, basi nikabadilisha. Nikaweka bilinganya, zikafa. Nikaweka pilipili hoho, nazo zikafa zimesimama. Kaka akaja, akatazama, akatikisa kichwa.

"Dada, hapa pamekufa. Nina mtu anataka kujenga. Nakupa msimu mmoja. Nikirudi nikute nyanya kama za mama, la sivyo tunauza."

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Alipoondoka nililia hadi nikalowesha kitambaa cha mteja.

Ndipo nikamwita Mama Mdogo, mdogo wake mama. Huyu alikuwa muuguzi mkuu wa wodi kwa miaka thelathini, na kazi iliyompa jina ni kupanga zamu: nani asubuhi, nani jioni, nani apumzike. Mfupi, jembe linamzidi urefu, na sauti yake haipandi hata akikasirika.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Ulipanda nini na nini?"

Nikamtajia kwa majivuno: nyanya, bilinganya, hoho. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Mwanangu, umemtoa kaka mtu, ukamleta dada mtu, kisha ukamwita binamu! Hao wote ukoo mmoja, na ugonjwa wao mmoja. Hata viazi mviringo ni wa humohumo."

Akakata shina la hoho lililonyauka, akalishikilia ndani ya glasi ya maji safi. Tukatazama. Haukupita muda, uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, taratibu, kama maziwa. "Ndio ugonjwa wenyewe," akasema. "Unakaa udongoni, na ukikosa ukoo wake kwa miaka kadhaa unapungua." Miaka mitatu nakanyaga kitu hicho na sijakiona!

Mama Mdogo akaomba karatasi yangu ya kukatia nguo, akachora mistari: matuta huku, miaka kule. Maharage, kabichi, vitunguu, mahindi, na kila mwaka kila mmoja anasogea tuta moja. Nyanya zinarudi mwaka wa nne, tena tuta la kwanza peke yake.

"Mwaka wa nne? Kaka kanipa msimu mmoja!"

"Kaka yako si udongo," akasema, akaendelea kuandika.

Nikaitundika karatasi ukutani, juu ya cherehani. Tukapanda.

Siku moja aling'oa mche wa maharage, akanionyesha vinundu vidogo kwenye mizizi. Akakipasua kimoja kwa ukucha, ndani chekundu kama nyama. "Humu ndimo anamotengenezea chakula chake. Anakitoa hewani. Na akiondoka, anawaachia wanaokuja." Hewani! Hewa hii ninayoivuta bure? Nilipiga magoti pale kwenye matope na gauni langu zuri, nikavigusa kimoja kimoja. Nilijiona mdogo, na nilifurahi kuwa mdogo.

Kaka alirudi na mnunuzi wake. Maharage yamejaa, kabichi zinafunga, lakini nyanya hakuna hata moja.

"Tulikubaliana nyanya," akasema.

Nilifungua mdomo nipayuke, Mama Mdogo akaninyamazisha kwa kidole. Akaingia ndani, akaibandua karatasi ukutani, akampa. Kaka akasoma kimyakimya. Kumbe chini ya kila zao Mama Mdogo alikuwa ameandika nani wa kulihudumia, na mimi niliyekuwa nayo mbele ya macho kila siku nilisoma mazao tu.

"Mama Mdogo, mbona jina lako linaishia mwaka wa pili?" Kaka akauliza.

"Moyo. Daktari kanieleza. Mtu asiyekuwepo hapangiwi zamu."

Alisema vile kama mtu anayeaga kwenda sokoni. Mwanamke huyu amekaa na kalamu akapanga kiwanja cha miaka ambayo hataiona, tuta kwa tuta! Nilimtazama kana kwamba ndiyo kwanza nakutana naye.

Kaka alishusha kidole mpaka mstari wa mwisho. Mwaka wa nne, tuta la kwanza, nyanya: Mkubwa.

"Huyu Mkubwa ni mimi?"

"Kwani dada yako ana kaka mwingine?"

"Lakini mimi nimekuja kuuza."

"Miaka thelathini nimepanga zamu," akasema Mama Mdogo. "Walionitukana wapo, waliolia wapo. Niliyemwandika hakukosa kufika hata mmoja."

Mnunuzi akakohoa, akatazama saa yake. Kaka hakumgeukia. Aliikunja karatasi, akaikunjua tena.

"Mama Mdogo," akauliza, "mbegu za nyanya zinasiwa mwezi gani?"