Msoma Prufu na Namba ya Duka la Magodoro

Kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Mama Prufu, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kusoma prufu, yaani karatasi ya kwanza kutoka mtamboni, kabla nyingine elfu kumi hazijachapwa: bango, kadi ya harusi, kalenda. Kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Kila namba ya simu iliyo kwenye karatasi, msoma prufu aipige mwenyewe, asikie nani anapokea. Sheria hiyo ilizaliwa siku kalenda elfu mbili za gereji zilipotoka na namba ya mkunga. Kisha wateja wakahamia mtandaoni, kiwanda kikafungwa, na Mama Prufu akajikuta analala kwenye kochi sebuleni kwa mdogo wake, akiamka kabla ya watoto ili wapate pa kukaa kunywa chai.

Miezi minane ya kochi. Mdogo wake hakuwahi kumnunia, lakini shemeji alikuwa ameanza kumuuliza habari za kazi kila jioni, kwa sauti ya upole mno. Ndiyo maana alipoitwa kwenye usaili na kampuni ya matangazo ya mtandaoni, blauzi yake aliipiga pasi mara mbili.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, kuta za kioo, na mahali pa viti palikuwa na mito mikubwa ya kukalia, ambayo ukishazama humo kuinuka ni shughuli. Wasailiwa watatu, wa umri wa kuwa watoto wake, walikuwa wamezama wakichezea simu. Yeye alisimama. Meneja, kijana mwenye ndevu zilizochongwa na raba nyeupe, akatoka na kumwamkia, "Shikamoo mama." Ukiamkiwa hivyo na anayekusaili, ujue kazi imeanza kuota mbawa.

"Ungekuwa programu ya simu, ungekuwa ipi?" meneja akamuuliza walipoketi.

"Kikokotoo," akasema. "Hakuna anayekisifu, lakini hakuna anayekifuta."

Meneja akacheka, tena kicheko cha kweli, na Mama Prufu akapata moyo.

Kisha likaja jaribio. Kila mmoja alipewa kompyuta na tangazo la duka la magodoro, lililokuwa likizunguka mitandaoni tangu mwezi uliopita. Mteja analalamika kwamba haliuzi. Waliandike upya kwa saa moja. Wenzake wakaanza kubofya bila kupumua. Mama Prufu akaandika sentensi mbili, akafika kwenye namba ya simu, na mkono ukaenda wenyewe mkobani. Akatoka hadi koridoni, akapiga.

"Sina godoro," sauti ya bibi kizee ikamjibu kabla hajasema neno. "Hapa ni nyumbani kwangu."

"Shikamoo bibi. Wanakupigia wengi?"

"Marahaba. Wewe ni wa saba leo, na bado sijanywa chai. Hata usingizi wa mchana siku hizi sipati, mwanangu. Nikizima simu, je, binti yangu akinitafuta?"

Bibi hakuwa amepata mtu wa kumlalamikia, na Mama Prufu hakuwa na roho ya kumkatia; akamweleza habari za usaili na kumwahidi kuwaambia wenye tangazo. Aliporudi mezani zilikuwa zimebaki dakika tano.

"Mama, tulikuomba tangazo," meneja akasema, akizitazama zile sentensi mbili.

"Hii namba si ya duka. Hata mkiandika vizuri namna gani, wateja wanampigia bibi wa watu."

Meneja akatabasamu kwa kumstahi, akapiga, akaweka spika. "Sina godoro," bibi akasema, na wasailiwa wote wakaacha kubofya. Tangazo lile alikuwa ameliandika meneja mwenyewe. Alikata simu, akamshukuru Mama Prufu, akamsindikiza hadi kwenye lifti. "Tutakupigia," akamwambia, bila kumtazama usoni.

Alimwamini. Hilo ndilo lililokuja kumuuma. Kwa siku nne alitembea na simu hata bafuni, mpaka mdogo wake akaanza kumtania: "Dada, si umtaje tu huyo shemeji tumjue?" Alikuwa ameshaulizia chumba cha kupanga mtaa wa pili, chenye dirisha na mlango unaofungwa kwa ndani.

Siku ya tano simu ikaita akiwa anaanua nguo. Akazitupia begani, akapokea haraka.

"Ni mimi, bibi wa magodoro. Nimekutafuta nikushukuru. Tangu juzi hakuna anayepiga. Jana nimelala mchana mpaka chakula kikapoa."

"Afadhali, bibi."

"Nikasema, mwanangu amewaambia na wamemsikia. Bila shaka wamekuajiri?"

Mama Prufu akaketi kwenye ngazi ya nyuma, nguo begani. Tangu juzi. Basi namba ya tangazo walishairekebisha, na yake yeye walikuwa nayo kwenye karatasi mezani siku zote hizo.

"Hapana, bibi," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. "Hawajanipigia, na hawatapiga. Walichokuwa wanakihitaji kwangu wameshakipata."

Bibi akamuuliza kama amekula.