Namba Yangu Iko Kwenye Mlango wa Lori la Mzee

Nilikosa, na sitaki mtu anitafutie kisingizio. Niliharibu kitu kisichoweza kurudi, na nilikiharibu kwa kukitengeneza vizuri. Nichekeni mkitaka, lakini mnisikilize kwanza.

Mimi ni fundi wa kuandika mabango. Vinyozi, bucha, milango ya malori, nusu ya mtaa wa Kabiro hapa Nairobi imepita kwa brashi yangu. Kibanda changu kiko kwenye ploti ya mzee mmoja hapo hapo Kabiro, ingawa mimi na mke wangu tunaishi Kibera.

Huyu mzee ana lori la marehemu baba yake, la enzi za mkoloni. Lilikaa nyuma ya ploti mpaka kuku wakalifanya nyumba. Mwaka jana akaamua kulifufua alipeleke kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Mafundi wakanyoosha bodi, wakafufua injini, nami nikapaka rangi ya kijani kila mahali isipokuwa mlango wa dereva. Hapo mzee alikataza brashi kabisa. Jina MUGO NA WANAWE liliandikwa na baba yake kwa mkono wake mwenyewe, herufi zimepauka, G imeinama kama mtu aliyechoka kusimama.

Mlango huo ndio ulikuwa kila kitu. Dada zake mzee walikuwa wakimcheka miaka yote, wakisema lori la baba liliuzwa zamani na hili ni chuma alichookota kwa wauza skrepa. Kitabu chake cha usajili kilishapotea. Wakaguzi wa maonyesho walikubali kumpa cheti kwamba lori ni lenyewe, iwapo mlango ungelingana na picha ya zamani ya mama yake akiwa amesimama kando ya jina hilo. Mzee alikitaka hicho cheti kuliko kombe lolote.

Jumamosi lori likapakiwa juu ya trela, nami nikapewa kazi ya kulisindikiza. Maagizo yalikuwa mawili. Tupite Ngong Road moja kwa moja, na kamba ya turubai isiguse mlango.

Jamani, mimi ni binadamu! Nilimbembeleza dereva wa trela tupitie Kibera. Kwaya ya mke wangu ilikuwa mazoezini, na mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kakamega, yule anayeniita mchora vinyozi. Nikafunua turubai, nikapanda, nikakaa kwenye usukani wa lori hukohuko juu ya trela nikipunga mkono kama mheshimiwa. Wanakwaya wakapiga vigelegele. Mama mkwe hata alitabasamu! Tulipotaka kuondoka nikarudisha turubai harakaharaka, na kamba nikaipitisha popote ilipofika.

Kufika uwanjani, kamba ilikuwa imekula jina. Ilibaki MU, mguu wa G, na herufi mbili za mwisho.

"Boss, pigia mzee umwambie," dereva alisema. "Hii si ya kuficha."

Nikamwambia atulie. Mtu anayeishi kwa kuandika mabango atashindwaje na maneno matatu? Rangi ilikuwa kwenye begi, na ile picha ilikuwa kwenye bahasha ya mzee ndani ya lori. Nikaandika jina upya, G nikaiinamisha vilevile. Ilipokauka nikaipitishia msasa laini, nikanunua chai ya rangi kwa mama wa kibanda, nikaipaka kwa kitambaa na kurushia vumbi ili jina lionekane la kale. Niseme ukweli, nilijivunia. Nilisimama mbali nikaangalia, nikacheka peke yangu.

Jumapili mzee akaja na suti, pamoja na dada zake wawili. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye tochi ndogo. Aliangalia picha, akaangalia mlango, akaitikia kwa kichwa. Nikaanza kupumua. Halafu akachuchumaa, akasugua kona ya chini ya mlango kwa kidole, akakinusa. Akatoa simu, akabonyeza namba, akasubiri.

Jogoo akawika mfukoni mwangu. Ndio mlio wa simu yangu.

Sisi waandishi wa mabango, ukimaliza kazi unaandika namba yako pale chini kwenye kona, ili mteja mwingine akupate. Sikumbuki hata kuiandika. Mkono ulijiendea wenyewe, nami nikaipaka chai pamoja na mengine!

Mkaguzi akamgeukia mzee. "Marehemu alikuwa na simu ya mkono?"

Dada zake walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye nyasi. Mzee hakucheka. Nikaungama yote palepale, na mkaguzi akasema zile herufi chache zilizobaki zingetosha kabisa, kama nisingepaka rangi juu yake na kuzisugua. Cheti hakikutoka.

Tulipofika Kabiro ndipo mzee akaniambia, "Ungenipigia tu. Ningelia kidogo, halafu tungeenda na mlango vile uko." Heri angenifukuza.

Hakunifukuza. Nilipojitolea kuifuta ile namba, akakataa. Sasa kila mgeni anayekuja kuona lori anaonyeshwa mlango na kuambiwa apige aulize jina liliandikwa lini. Nimekatazwa kuzima simu na kudanganya. Juzi jogoo aliwika katikati ya mahubiri, nikatoka nje kumweleza mtu nisiyemjua kwamba niliandika mimi, Jumamosi, kwa chai ya rangi. Mama mkwe naye, ambaye namba yangu anayo siku zote, hupiga kuuliza hilo hilo tu.

Ndugu zangu mnaoaminiwa na vitu vya watu, ukiharibu, sema kikiwa bado kimeharibika. Ukishakipamba, hata ukweli uliokuwa umebaki utakuwa umeufuta.

Nimeomba jina langu lisitajwe hapa, kwa ajili ya aibu. Lakini ukipita Kabiro ukaona lori la kijani kwenye ploti, chuchumaa kidogo kwenye mlango wa dereva. Piga tu, nitapokea.