Gitaa na Kibuyu cha Nne

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Soy, mwanangu. Nimeikumbuka kwa sababu nimekukuta sebuleni na bisibisi mkononi, umeipasua amplifaya kama kuku wa Krismasi, ukilalamika kwamba sauti iliyokuwa tamu saa tatu imekuwa butu kufikia saa sita. Weka bisibisi chini. Huko nimefika kabla yako, tena nikiwa na nywele.

Binamu yangu Chebet alikuwa anaolewa. Aliniomba zawadi moja tu: akiingia uwanjani na baba yake, gitaa langu liimbe peke yake, kwa ule mkwaruzo aliokuwa akiupenda, unaotoka kwenye pedali, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu. Lakini Njoroge, mkubwa wa bendi yetu, alikuwa amenionya. Harusi iliyotangulia nilimfunika mwimbaji hadi wageni wakaziba masikio.

"Leo ukirudia, nachomoa waya," alisema. "Kinanda kitampokea bibi harusi. Nimeapa."

Tukaanza kujaribu vyombo. Nilipokanyaga pedali mara ya kwanza, lo! Ng'ombe waligeuka. Sauti ilikuwa nene na kali pamoja, kama asali iliyoingia mchanga, na mwili mzima ulinisisimka. Hata sasa nikiandika unanisisimka.

Baada ya muda ule ukali ukaanza kupotea. Nikaongeza mkwaruzo kidogo. Ukapotea tena, nikaongeza tena. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na kila tatizo nililitolea mhadhara: stima ni hafifu, waya umechoka, jirani anachomelea geti, hewa ya huku juu ni nyepesi. Mchezaji mbaya hulaumu uwanja. Mimi nililaumu hata anga.

"Hiyo si gitaa tena," Njoroge akasema. "Hiyo ni posho mili."

Ndipo shangazi yangu, mama yake Chebet, tuliyemwita Senge, akatokeza mlango wa jikoni. Kati ya vibuyu vinne alikuwa akichagua mursik ya wakwe, yale maziwa lala ya kibuyu yenye harufu ya moshi.

"Wewe! Wacha kusaga mahindi, kuja unionjee maziwa."

Kikombe cha kwanza nilikisifu hadi nikaishiwa na maneno. Cha pili kizuri, cha tatu si haba. Cha nne nikakirudisha.

"Hii haina moshi kabisa, Senge. Wape majirani."

Alicheka akashika mlango asianguke. "Majirani gani? Hiyo imetoka kwa kibuyu cha kwanza, msomi wangu!"

Nilibisha, bila shaka. Akanipa maji nisukutue mdomo, akanituma nikatembee hadi zizini, nisionje kitu wala kugusa "hiyo kelele." Niliporudi akanimiminia kutoka kibuyu kile kile, mbele ya macho yangu. Moshi ulikuwapo wote!

"Maziwa hayajabadilika, ni ulimi umezoea," akasema. "Mimi nikionja mawili naosha mdomo, naenda kupiga domo kwanza. Ya gitaa siyajui. Lakini masikio nayo si yanakunywa?"

Nilikimbia! Nikakanyaga pedali bila kugusa chochote kingine. Mama yangu! Mbwa wa Senge alipita chini ya ua na hakuonekana hadi jioni.

"Nani amechezea hii kitu?" nikauliza.

"Ni wewe," Njoroge akajibu.

Nyani haoni kundule, na mpiga gitaa hasikii kelele zake. Nilirudisha mkwaruzo ulipokuwa asubuhi, nikaomba rangi ya kucha kwa Chebet ("Usimalize, hiyo ni ya bei!"), nikatia nukta nyekundu hapo. Kisha nikakaa mbali na gitaa hadi aliposhuka garini.

Nikapiga. Chebet alisimama, akacheka, akamvuta baba yake, na mzee yule ambaye hatukuwahi kumwona akicheza akacheza! Njoroge alikuwa ameshika waya tayari. Aliuachilia ili apige makofi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Si kila mara kosa ni la masikio. Vidole vikipata joto unachapa nyuzi kwa nguvu zaidi, nyuzi nazo hulegea, na betri ya pedali huisha kimyakimya. Vikague. Lakini kwanza zima kila kitu, tembea hadi kule Kiplombe ukachukue maziwa, urudi na masikio mapya. Mazoea yana taabu: kilichokupendeza asubuhi hakijakuacha, wewe ndiwe uliyekizoea. Usiongeze kelele pale panapohitaji kimya. Na ukipata sauti unayoipenda, itie alama masikio yakiwa bado mapya.

Pedali ile nimekuwekea mezani. Nukta bado ni nyekundu. Mungu akupe vidole vyepesi, majirani wavumilivu, na siku moja mzee mgumu acheze kwa sababu yako.