Siku Thelathini za Shemeji Mwanasiti

Mimi Rama, fundi cherehani wa Makorora, nashona sare za shule na za mgambo. Mdomo ninao, waulizeni mpaka Nguvumali. Lakini siku mdomo ulipotakiwa, niliufunga, na nina aibu mwenzenu.

Mwanasiti ni mjane wa marehemu kaka yangu Tahiri. Ni mkaanga samaki. Mwaka juzi mgambo walimbebea karai, jiko na samaki wake, wakamtoza faini papo hapo. Alipotaka kujieleza wakamwambia sheria ndogo haina nafasi hiyo. Tukamshauri asamehe, mambo ya serikali hayo. Thubutu! Akaenda kwa wakili Ritha, akaapa jinsi alivyoumia yeye mwenyewe, maana kesi ya Katiba siku hizi huifungui kwa kuwasemea watu tu. Alitaka sheria ile ifutwe, kwa kuwa Katiba inasema mtu asihukumiwe bila kusikilizwa.

Hukumu ya majaji watatu wa Mahakama Kuu ilitoka siku ya tatu ya msiba wa Tahiri. Simu ya Mwanasiti ilikuwa imezimwa, wakili akanipigia mimi.

"Mzee Rama, tumeshindwa. Imebaki Mahakama ya Rufani, juu yake hakuna nyingine. Tuna siku thelathini tu za kutoa taarifa ya rufaa. Muulize mteja wangu, bila neno lake siwezi kugusa kitu."

"Inshallah," nikamjibu.

Yarabi! Nimwendee mwanamke aliye edani nimtajie mahakama? Kwetu ugomvi wa dunia hausemwi msibani kabla ya arobaini. Nikajiambia majaji nao hufiwa, watangoja. Wakili akapiga tena, nikamwambia mteja wake anafikiria. Uongo mtupu! Nilikuwa sijamgusia hata neno.

Baada ya hitma ya arobaini, siku thelathini zikiwa zimeshapita, nikaenda kubisha hodi. Nikakaa ukumbini, yeye nyuma ya pazia, nikamweleza.

"Shemeji, eda imenifunga miguu. Masikio nayo imeyafunga?"

"Nilikuonea haya."

"Mgambo walinikatia shauri bila kuniuliza. Na wewe je?"

Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Wakili hakunifokea, na afadhali angefoka. Alisema tuombe kuongezewa muda, ila kila siku iliyopotea itolewe sababu kwa kiapo, na anayezijua sababu hizo ni mimi. Nikamwambia aandike mila. Akaandika, kisha akauliza, "Ni hiyo tu, mzee?"

Mila ilikuwepo, kweli, lakini nilijificha nyuma yake. Wiki ile ile ya hukumu nilikuwa nangoja oda mpya ya sare za mgambo, nikaogopa jina langu lisije likatajwa kwenye kesi. Oda nikaipata. Nikamwambia wakili ayaandike na hayo. Akanionya kwamba huenda yakatuharibia ombi. Nikasema siwezi kuapa nusu.

Kabla ya kutia sahihi nikarudi kwa Mwanasiti, nikamsomea kiapo kizima, siku kwa siku, pamoja na ile ya oda. Angeweza kunifukuza mapema, tangu niliposoma neno mgambo. Hakunikatiza. Alinisikiliza mpaka mstari wa mwisho, ndipo akasema, "Tia sahihi, shemeji. Halafu usije tena hapa mpaka nikuite."

Sijaitwa bado.